Maisha ya Harry Ferguson, Fundi wa Trakta ya Kijivu



Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya wahubiri, ya wafalme na ya watu wa elimu kubwa. Mara hii tunawaletea maisha ya mtoto wa mkulima, aliyeacha masomo akiwa na miaka 14, na ambaye jina lake liko limeandikwa mpaka leo juu ya trakta za Massey Ferguson.

Kuko sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza ni kwamba hapa Kolwezi tunaishi katikati ya mashini. Kutoka Musonoi mpaka Kamoto na Luilu, kila mtoto anajua sauti ya kamioni ya madini. Lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini mashini ina umbo hili na si lingine. Sababu ya pili ni hii: mwaka 2020 kampuni yenye jina la Ferguson ilitoa trakta mpya, kubwa na ya bei kali, na watu wake wakaipamba kwa alama za trakta zao za miaka ya 1960. Mtindo wa zamani umerudi, na watu wengi wameufurahia. Basi tunauliza: katika kazi ya wazee, ni kitu gani hasa kinachostahili kurudi? Ni rangi, ao ni kitu kingine? Maisha ya huyu mtu yatatusaidia kujibu.

UTOTO WAKE

Harry Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 pahali panapoitwa Growell, karibu na Dromore, katika wilaya ya Down, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa wa nne katika watoto kumi na mmoja. Baba yake James alikuwa mkulima mwenye shamba la kutosha. Alikuwa pia Mkristo mkali sana wa jamii ya Ndugu wa Plymouth. Hilo jina si geni kwetu. Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwezi wa Februari 1886, alikuwa wa jamii hiyo, na ndiye mwanzo wa makanisa ya Garenganze katika nchi yetu. Hivi, mwaka ambao Injili ya wale Ndugu ilifika Lualaba, Harry alikuwa mtoto mdogo anayejifunza kutembea.

Nyumbani kwa James Ferguson michezo na vitabu vya hadithi havikupendwa. Harry alikuwa mwembamba, na kazi ya shamba ilimchosha. Kutembea siku nzima nyuma ya farasi na plau ilikuwa kwake kama adhabu. Alipoacha masomo alilima pamoja na baba yake miaka michache, lakini hawakupatana. Alipokua aliiacha imani ya baba yake, akasema wazi kwamba hawezi kujua mambo ya Mungu. Hatuwezi kulificha neno hilo, hata kama linatusikitisha. Tunaandika maisha ya mtu kama yalivyokuwa, si kama tungependa yawe.

Mwaka 1902 alikuwa anafikiri kuhamia Kanada. Kaka yake Joe alikuwa amefungua garaji ya baiskeli na motokari katika mji wa Belfast, akamwita kujifunza kazi kwake. Ndipo Harry akagundua kipawa chake: aliweza kusikia injini na kujua inaumwa wapi. Tena alikuwa mtu wa usafi. Hakupenda kuona chombo kimetupwa chini, wala buloni moja kubaki bila kazi yake.

NDEGE KWANZA, TRAKTA BAADAYE

Ile miaka dunia yote ilikuwa inazungumza juu ya ndege. Harry akaenda Ufaransa kutazama ndege zinavyotengenezwa, akarudi Belfast na vipimo katika daftari yake, akatengeneza ya kwake. Tarehe 31 Desemba 1909, siku ya mwisho ya mwaka, penye upepo mkali, aliiinua kutoka chini huko Hillsborough, akaruka karibu mita 118. Ni umbali mdogo kushinda ule wa kuzunguka kiwanja chetu cha mpira. Lakini alikuwa mtu wa kwanza kuruka katika Ireland, tena kwa ndege aliyoitengeneza mwenyewe.

Ile ndege ilimfundisha neno moja ambalo hakulisahau mpaka kufa: kila kilo isiyo na kazi ni adui. Katika ndege hakuna namna ya kujificha. Ukiongeza chuma cha bure, hairuki.

Mwaka 1911 alifungua biashara yake ya motokari, na mwaka 1913 akamwoa Maureen Watson. Vita vya 1914 vilipoanza, chakula kikapunguka. Harry akaanza kuuza trakta kutoka Marekani. Mwaka 1917 serikali ikamwomba azunguke mashamba ya Ireland kuonyesha wakulima namna ya kutumia trakta vizuri. Alisafiri na fundi wake Willie Sands, shamba kwa shamba. Kila mahali aliona kosa moja: trakta za wakati ule zilikuwa farasi wa chuma tu. Watu walikuwa wamemwondoa farasi na kuweka injini, lakini plau ilibaki ile ile, inafungwa nyuma kwa mnyororo na kuburutwa.

HATARI YA FORDSON

Mwaka ule ule wa 1917 Henry Ford alianza kutoa trakta yake, Fordson. Ilikuwa nyepesi na ya bei ndogo, na wakulima wengi waliinunua. Lakini iliua watu. Plau iliposhika jiwe ao mzizi mkubwa, trakta ilizuiwa kwenda mbele, na injini ikaendelea kusukuma. Kwa kuwa magurudumu ya nyuma hayakuweza kusonga, mwili wa trakta wenyewe ulipanda kuyazunguka. Mbele ikainuka juu, ikaanguka kinyumanyuma juu ya mwendeshaji.

Ili kuelewa, tazama wauza makala wanaoingia mjini asubuhi na magunia juu ya kinga zao. Mwenye akili hafungi gunia mbali nyuma, likining'inia. Akifanya hivyo, gurudumu la mbele litainuka na hataweza kuongoza. Analiweka karibu, juu ya ekseli, kusudi mzigo na kinga viwe kitu kimoja. Wengine walijaribu kuzuia ajali za trakta kwa kuongeza uzito mbele. Ferguson alikataa. Uzito unakanyaga udongo na kula mafuta. Aliamua kubadili namna ya kufunga plau.

POINTI TATU

Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka kumi na mitano. Mwaka 1925 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, lakini bado alihitaji miaka mingine ya kujaribu na kuvunja. Mwishoni jibu lilikuwa rahisi kuchora ubaoni.

Nyuma ya trakta aliweka mikono mitatu: miwili chini, mmoja juu. Plau inashikwa na hiyo pointi tatu, inakuwa kama mguu wa trakta yenyewe. Udongo unapoivuta plau kurudi nyuma, ule mkono wa juu unasukuma kwenda mbele na kuishikilia pua ya trakta chini. Hivi nguvu ileile iliyokuwa inaua mtu sasa inamlinda. Tena, uzito wa plau na wa udongo unakaa juu ya magurudumu ya nyuma, na trakta nyepesi inapata kushika ardhi vizuri kama trakta nzito.

Kisha akaongeza pampu ya mafuta. Wanafunzi wa teknike wanajua hiyo kazi, kwa sababu ni mafuta yaliyofinywa yanayoinua sanduku la kamioni za mgodini. Kwa Ferguson yale mafuta yaliinua plau kwa kidole kimoja, na zaidi ya hayo yalisikia. Udongo ukiwa mgumu, mkono wa juu ulifinywa, ukafungua vali, na plau ikapanda kidogo yenyewe. Udongo ukilegea, plau ikashuka. Hakuna mtu aliyeshika kitu.

Mwaka 1933 trakta yake ya kwanza nzima ilikuwa tayari. Aliipaka rangi nyeusi. Mwaka 1936 alianza kuitengenezesha kwa kampuni ya David Brown huko Huddersfield, Uingereza, na hiyo akaipaka kijivu.   Kwake trakta ilikuwa chombo cha kazi, na chombo cha kazi hakihitaji kuvaa kama bwana harusi.

Kuko neno lingine dogo ambalo tunalipenda sana. Pamoja na trakta alitoa spana moja, ufunguo wa kufungulia buloni, wenye ncha mbili. Kwa huo ufunguo mmoja mkulima aliweza kurekebisha karibu kila kitu cha trakta na cha plau. Juu ya mpini wake zilichorwa alama za vipimo, hivi ulikuwa pia rula ya kupimia upana wa mfereji. Hayo ndiyo mawazo ya mtu aliyekumbuka kwamba shambani hakuna garaji.

MAPATANO BILA KARATASI

Mwezi wa Oktoba 1938 Ferguson alipeleka trakta yake Marekani, akaionyesha kwa Henry Ford katika shamba lake huko Dearborn. Baadaye waliketi kwenye meza nje, Ferguson akaeleza pointi tatu kwa kitrakta kidogo cha kuchezea. Ford alielewa mara moja. Alitaka kununua uvumbuzi wote. Ferguson akakataa kuuza. Basi wakapatana: Ford atengeneze, Ferguson auze. Walishikana mikono, wakaachana. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

Mwaka 1939 trakta ya Ford-Ferguson ikatoka, na mpaka 1947 zaidi ya 300,000 zilitengenezwa. Lakini mwaka 1947 Henry Ford akafa. Mjukuu wake, Henry Ford wa Pili, alivunja yale mapatano. Kiwanda kikaanza kutoa trakta yake, yenye rangi nyekundu na kijivu, na nyuma yake mikono mitatu ileile ya Ferguson. Ferguson akapeleka kesi mahakamani mwezi wa Januari 1948, akidai zaidi ya dola milioni 250. Kesi ilidumu miaka minne. Mwaka 1952 akakubali dola milioni 9 na robo. Kwa maskini ni mali nyingi. Kwake ilikuwa sehemu ndogo ya alichoamini ni haki yake, na miaka minne ya nguvu zake ilikwenda katika mahakama.

Wanafunzi, tulishike hilo. Kupeana mkono ni alama ya upendo, lakini mkono unakufa pamoja na mwenyewe. Karatasi inabaki.

MDOGO WA KIJIVU

Alipokuwa bado na matatizo ya Marekani, Ferguson alianza tena Uingereza. Kutoka 1946 mpaka 1956, katika kiwanda cha Banner Lane huko Coventry, ilitengenezwa trakta ya TE20. Ilikuwa na nguvu kama ya farasi 25 tu. Zilitoka zaidi ya 517,000. Tena alifungua chuo huko Stoneleigh, ambako wakulima na mafundi walifundishwa kutumia na kutengeneza. Hakutaka kuuza mashini kwa mtu asiyeijua.

Katika miaka ile ile, kwa jirani zetu wa Tanganyika, kulikuwa kazi ya namna nyingine kabisa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ilitaka kulima zaidi ya hekta milioni moja. Waliletwa matingatinga ya zamani yaliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa trakta. Visiki vya mbuyu, udongo mgumu wa Kongwa, ukame na ukosefu wa mafundi viliyashinda yale machuma. Mwaka 1951 kazi ilifungwa, na pauni karibu milioni 36 zilikuwa zimepotea. Nguvu haikukosekana. Kilichokosekana ni kuuliza udongo kwanza, vile Ferguson alivyozunguka miaka mingi kuuliza udongo wa Ireland.

Na ile ndogo ya kijivu? Tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary, yule aliyepanda mlima Everest, alifika kwenye Ncha ya Kusini ya dunia, katikati ya barafu, na trakta tatu za Ferguson zilizofungwa minyororo.

MITINDO INAPITA

Sasa turudi kwa swali letu la mwanzo. Trakta za kwanza hazikuvaa kitu: chuma wazi, radieta wazi, magurudumu ya chuma yenye meno. Kutoka 1932 yakaanza magurudumu ya mpira yenye upepo. Katika miaka ya 1930 makampuni ya Marekani yaliita wachoraji wa umbo. Henry Dreyfuss, aliyechora pia simu na treni, aliivalisha trakta ya John Deere mwaka 1938. Raymond Loewy aliivalisha Farmall nyekundu mwaka 1939. Trakta zikawa na pua ya mviringo kama treni za wakati ule, kana kwamba zitakimbia sana.

Baada ya vita mitindo ikabadilika tena. Mwaka 1953 Ferguson aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada, na mwaka 1954 akatoka humo, hawakupatana. Trakta ya FE35 ya mwaka 1956 ilikuwa kijivu juu, na injini yake ikapakwa rangi ya dhahabu iliyokaribia shaba. Mtu wa Kolwezi angeipenda. Mwisho wa 1957 ikawa nyekundu na kijivu, na mwaka uliofuata jina likabaki Massey Ferguson. Miaka ya 1960 ilileta umbo la pembe nne, kama MF 135. Kisha vikaja vyumba vya kumlinda mwendeshaji, baadaye pua zilizoinama kusudi aone mbele vizuri, baadaye taa kali kama macho ya motokari ya mashindano.

Na sasa zamani imerudi. Mwaka 2018 New Holland ilitoa trakta za ukumbusho zenye rangi ya trakta za zamani za Fiat, kwa sababu miaka 100 ilikuwa imetimia. Mwaka 2020 Massey Ferguson ilitoa MF 8S, yenye nguvu ya farasi zaidi ya 200, na ubavuni mwake mstari wa kijivu unaokumbusha trakta za MF 135 na ndugu zake. Ni ya kupendeza, hatukatai. Lakini waliochora MF 8S hawakuishia kwenye rangi. Waliacha nafasi ya sentimita 24 kati ya injini na chumba cha mwendeshaji, kusudi joto na kelele visimfikie. Hilo ni wazo ambalo Ferguson mwenyewe angelipigia makofi, kushinda ule mstari.

Maana tazama nyuma ya MF 8S, ya John Deere, ya New Holland, ya trakta yoyote kutoka China ao India. Utakuta mikono mitatu: miwili chini, mmoja juu. Leo ni kipimo cha dunia yote. Rangi zimebadilika mara nyingi, pua zimekuwa za mviringo, za pembe, na za mviringo tena. Ile mikono mitatu haikutoka, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuirudisha.

MWISHO WAKE

Miaka ya mwisho Ferguson alifanya utafiti wa motokari zinazosukumwa na magurudumu yote manne. Makampuni makubwa hayakuikubali kazi yake. Alisumbuliwa na huzuni nyingi na kukosa usingizi. Alikufa nyumbani kwake, karibu na Stow-on-the-Wold, tarehe 25 Oktoba 1960, bila siku nyingi kufikia miaka 76. Mwaka uliofuata, 1961, motokari ya mashindano iliyotengenezwa kwa mawazo yake ilishinda huko Oulton Park, ikiendeshwa na Stirling Moss. Hakuiona.

NENO KWETU

Ndugu wanafunzi, hapa Lualaba shaba inatufanya tudharau jembe. Wengi wanawaza kwamba mwenye akili anakwenda mgodini, na asiye na akili anabaki shambani. Lakini bukari tunayokula jioni haitoki katika Kamoto. Wakati Katanga ilikuwa bado jimbo moja, hata makampuni ya madini yaliamriwa kulima hekta 500 za mahindi, kwa sababu unga ulikuwa unatoka nje. Na sote tumekwisha kuona trakta iliyosimama katika nyasi, rangi bado inang'aa, juu ya kukosa kipande kimoja ao fundi mmoja. Yule aliyeileta alitazama rangi. Hakuuliza ni nani ataifungua buloni.

Elisha alipoitwa kuwa nabii alikuwa anafuata ng'ombe wa kulima, jozi kumi na mbili. Basi kazi ya udongo si haya. Harry Ferguson aliichukia kazi ya kutembea nyuma ya plau, lakini hakuikimbia kwa mawazo yake. Aliitazama mpaka akaiona kosa lake. Wewe unayechoka na jembe la mama yako wakati wa likizo, usiishie kulalamika. Tazama mahali mgongo unapouma, tazama mpini, tazama pembe ya chuma, pima, andika katika daftari. Pengine wazo litakalobaki baada ya rangi zote kupita liko katika shamba lenu la mahindi, kandokando ya njia ya Nzilo.